Tope la Hanang na tahadhari tunazozisikia

Dada zetu wapenzi, sisi wa visiwani tukisikia tahadhari ya hali ya hewa, macho huenda baharini kwanza. Tunauliza kama boti zitaondoka na kama wavuvi wamerudi. Leo tunakwenda bara, wilaya ya Hanang mkoani Manyara, kwenye kata kama Mogitu, Gendabi na Katesh. Yaliyowafika wanawake wenzetu huko yanatuhusu.

Agosti 2023, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa utabiri wa mvua za vuli. Ilieleza kuwa kuna El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yamepata joto kupita kawaida, na kwamba mvua nyingi zinatarajiwa. Utabiri huo ulituhusu sisi wa Unguja na Pemba, na uliwahusu pia watu wa Arusha, Manyara na Kilimanjaro.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba, asubuhi, sehemu ya mlima Hanang iliyokuwa imeshiba maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilifuata njia za maji mpaka kwenye makazi na soko la Katesh. Watu 89 walifariki dunia. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari akarudi nyumbani. Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa.

Utabiri ulitaja mvua, lakini kilichoua ni tope. Tangazo la msimu hutaja mikoa na kiasi cha mvua. Haliwezi kutaja ni korongo lipi litakaloshusha mlima, wala ni nyumba ya nani iliyo njiani. Hapo katikati, kati ya maneno ya redioni na mlango wa nyumba, ndipo familia nyingi hupotelea.

Historia yetu wenyewe inaonyesha tulikotoka. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kilizamisha meli za Sayyid Barghash na kung'oa mikarafuu na minazi kwa wingi. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Siku hizo hapakuwa na wa kutuonya. Hata waya wa telegrafu ulifika Unguja mwaka 1879. Bibi zetu walikuwa na mawingu na upepo tu wa kuwaambia.

Sasa linganisheni na Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipokaribia, TMA ilikifuatilia ikataja jina lake, kilipo na kinakoelekea. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa, na wengi wakabaki nyumbani. Tangazo lililotaja mahali na siku lilikuwa rahisi kufuata. La msimu mzima hutuachia sisi kazi ya kulifasiri.

Basi tujifunze kulisoma. TMA hutumia rangi: njano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Pamoja na rangi hutaja mambo mawili, uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari zake. Uwezekano ukiwa mdogo na athari ni kubwa, msilale mkidhani halitawafika.

Kisha kila mama aiulize nyumba yake. Maji yakija, yatapita wapi? Tumejenga bondeni, ukingoni mwa mto au chini ya mlima? Usiku wa manane, nani atambeba mtoto, nani atamshika mkono bibi, na tutakimbilia kwa nani aliye juu zaidi? Vyeti na dawa viwe kwenye mfuko mmoja, na simu iwe na chaji.

Kwa walio chini ya milima, zipo dalili za kutosubiri tangazo: mto kuwa tope ghafla, maji kupungua ilhali mvua inaendelea, nyufa mpya ardhini, miti kuinama, au ngurumo kutoka mlimani. Hapo ondokeni kwa ubavu kwenda mahali palipoinuka. Msifuate korongo, maana ndiyo njia ya tope.

Wako watakaosema ajali ni kadari. Ni kweli ajali haina kinga, lakini anayemfunga ngamia wake hapungukiwi imani. Vuli ijayo, tangazo likitoka, tulisome pamoja mezani, watoto wakisikia, na kila mmoja aonyeshwe njia ya kutokea.