Mtakatifu Kizito alikuwa na mlinzi, wasichana wa St. Kizito hawakuwa naye

Ifikapo Julai 13 mwaka huu wa 2026, itatimia miaka 35 tangu wasichana 19 wafe usiku mmoja katika shule ya sekondari ya Kikatoliki ya St. Kizito, Tigania, kule Meru. Meru ni mbali na kisiwa chetu cha Funzi, Kwale. Hata hivyo, mzazi wa Funzi anayemvusha mwanawe kwa mashua hadi Bodo, sanduku na godoro juu, kisha akampandisha matatu ya kwenda shule ya bweni, anahusika na habari hii. Akishaagana na mtoto langoni, usiku wa bwenini hauoni tena.

Elimu ya Kikatoliki huko Mlima Kenya ililetwa na Wamisionari wa Consolata, Waitaliano waliofika nchini mwaka 1902. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya 1968 iliipa serikali usimamizi wa shule na kulibakizia kanisa cheo cha mdhamini. Jina la mtakatifu likabaki getini, na misa, kwaya na vikundi vya vijana vikaendelea. Lakini nani hasa anayewajibika taa za bweni zikishazimwa? Swali hilo liliangukia katikati ya mdhamini na wizara, na hapo ndipo lilipokaa.

Shule hiyo ilikuwa ya bweni, ya wavulana na wasichana pamoja. Kwa mujibu wa magazeti ya wakati ule, wavulana walipanga mgomo kwa sababu ya malalamiko juu ya pesa za mashindano ya riadha. Wasichana wakakataa kuwaunga mkono. Walijua usiku ule usingekuwa salama, wakayaacha mabweni yao na kujazana katika bweni moja, wakaegemeza vitanda mlangoni. Giza lilipoingia, mawe yakaanza kunyesha juu ya bati na madirishani. Mlango ukavunjwa. Wasichana 19 wakafa, wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa katika msongamano ule, na 71 wakaripotiwa kubakwa.

Kilichoitia nchi uchungu zaidi ni maneno yaliyofuata. Rais Moi alipofika shuleni, naibu wa mwalimu mkuu alinukuliwa akimweleza kwamba wavulana hawakukusudia kuwadhuru wasichana, walitaka kuwabaka tu. Mwalimu mkuu naye akanukuliwa akisema ubakaji haukuwa jambo geni pale. Kwa hiyo watu wazima walijua. Wanawake nchini wakaja juu, na kwa haki. Hawakuwa wakilia kwa sababu ya Julai 13 peke yake. Walililia kila usiku uliotangulia, ambapo msichana alilalamika asisikilizwe.

Hapo jina la shule linageuka kuwa shutuma. Kizito alikuwa mdogo kuliko wote miongoni mwa Mashahidi wa Uganda, mtoto wa miaka 14 hivi katika jumba la Kabaka Mwanga. Charles Lwanga, mkubwa wa vijana waliohudumu pale, ndiye aliyewakinga yeye na wenzake wasiguswe na tamaa za mfalme. Lwanga alilipa kwa maisha yake. Alichomwa moto Namugongo Juni 3, 1886, siku aliyouawa Kizito pia, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akawatangaza wote kuwa watakatifu. Shule iliyobeba jina la mtoto aliyelindwa ilikosa mtu mzima mmoja wa kusimama mlangoni kama Lwanga.

Baadaye shule ilifunguliwa upya kwa jina la St. Cyprian. Sisi ni hodari sana wa kubadilisha majina. Lakini Machi 1998 msiba ukaja hapa hapa kwetu Kwale, pale zaidi ya wasichana 20 walipoungua katika bweni la shule ya Bombolulu, Mazeras. Machi 2001 wavulana 67 wakafa vivyo hivyo Kyanguli, Machakos. Mwaka huo huo viboko vikapigwa marufuku shuleni, na kamati ya serikali iliyoongozwa na Naomi Wangai ikaripoti kuhusu migomo ya wanafunzi. Sheria ya Makosa ya Kingono ikaja 2006, mwongozo wa usalama shuleni 2008. Hata hivyo, Septemba 2024, watoto 21 walikufa kwa moto bwenini Endarasha, Nyeri.

Watu husema ajali haina kinga. Haya yalikuwa na kinga, nayo imeandikwa. Mwongozo wa 2008 unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, mlango kila upande wa bweni, milango inayofunguka kwa nje, na madirisha yasiyo na nondo. Kilichopungua ni watu wa kuutekeleza na wa kuuliza.

Basi mzazi wa Funzi, wa Msambweni, wa Diani, ukienda kwenye mkutano wa wazazi usiulize alama peke yake. Omba kuliona bweni. Uliza matroni analala wapi, ufunguo anao nani usiku, na binti akiwa na shtaka analipeleka kwa nani. Iwe shule ya kanisa, ya serikali au ya mtu binafsi, isiyoweza kukujibu hayo matatu haijawa tayari kumlaza mtoto wako.