Ufa wa Herufi 512

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Marekani, usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, maelfu ya kompyuta za vyuo na maabara zilizounganishwa na Intaneti zilianza kuelemewa, moja baada ya nyingine.

Nyingi ziliendeshwa na mfumo wa Unix uliotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo iliyomjibu yeyote aliyeuliza habari za mtumiaji fulani. Ilitenga nafasi ya herufi 512 za kupokelea swali, lakini haikupima urefu wa swali lenyewe. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, alitunga programu iliyotuma herufi 536. Kwenye mashine za VAX zile za ziada zilifurika, zikafunika mahali palipoandikwa hatua inayofuata, na kompyuta ikamtii mgeni kana kwamba ndiye mwenye nyumba. Programu hiyo, iliyoitwa mnyoo, ilipenya pia kupitia mfumo wa barua na kwa kubahatisha maneno ya siri.

Mnyoo haukufuta kumbukumbu za mtu. Ulizaana tu, hadi mashine zikakosa nguvu ya kufanya kazi nyingine. Hata ujumbe wa kueleza tiba ulichelewa, kwa kuwa mtandao wenyewe ulikuwa umezibwa.

Jambo linalonifikirisha zaidi ni kwamba onyo lilikuwapo. Mwaka 1979 babaye kijana huyo, aliyeitwa pia Robert Morris, aliandika pamoja na Ken Thompson kuhusu udhaifu wa maneno ya siri. Lakini mtandao ule ulijengwa na watu waliojuana na kuaminiana, na penye ujirani mwema nani hukagua komeo?

Baada ya msiba, kikosi cha dharura kiliundwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Mwaka 1990 kijana alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka 3, saa 400 za kazi za jamii, na faini.

Je, tulijifunza? Mei 2017 mnyoo wa WannaCry ulivuruga hospitali nchini Uingereza, wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Microsoft ilikuwa imekwisha toa kiraka cha ufa huo tangu Machi. Fundi alikuwa ameleta udongo, ila wengi hawakuupaka ukutani.