KASI YA FILAMU: ASILI YAKE, NA JINSI YA KUICHAGUA

Katika nyumba nyingi za bonde letu la Kilombero huonekana ukutani picha ya zamani. Mzee ameketi kitini, mikono i juu ya magoti, uso umekazwa kama wa mtu aliyeapa asicheke. Watoto hutuuliza, "Je, wazee hawa walikuwa wakali hivi siku zote?" Sivyo. Sababu moja ya ugumu ule ni desturi iliyoanza zamani, picha zilipokuwa zikishika nuru polepole mno. Aliyetikisika aliharibu picha, basi watu wakafundishwa kukaa kama mawe. Kwa hiyo anayetaka kujua ni filamu gani imfaayo, na ajue kwanza habari hii.

Mwaka 1839 Mfaransa Louis Daguerre alitangaza njia yake ya kushika sura ya mtu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Siku zile za kwanza bamba lilitaka dakika kadhaa za jua. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alileta vioo vilivyopakwa dawa ya majimaji, na dakika zikapungua zikawa nukta. Lakini kioo kile kilipaswa kupakwa, kupigwa na kusafishwa kabla dawa haijakauka. Fikirini taabu ya msafiri katika nchi ya joto kama yetu! James Augustus Grant, mwenziwe Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860, lakini katika safari yao ya bara kalamu na rangi ndizo zilizomfaa zaidi.

Mwaka 1871 daktari Richard Leach Maddox alitoa habari za vioo vikavu, na watu wengine wakavitengeneza hata vikashika picha kwa sehemu ndogo ya nukta moja. Mwaka 1888 Mwamerika George Eastman akauza kamera ya Kodak, yenye ukanda wa kutosha picha 100. Tangu hapo hata asiye fundi aliweza kupiga picha.

Lakini likazuka swali jipya: kila kiwanda kilisema filamu yake ni nyepesi kuliko za wengine, naye mnunuzi atajuaje kweli? Waliotafuta kipimo walikuwa wawili waliofanya kazi Uingereza, Ferdinand Hurter na Vero Driffield, waliotoa kazi yao mwaka 1890. Huyo Hurter alizaliwa Uswisi, nchi ileile walikotoka mapadre Wakapuchini waliofanya kazi Ifakara na Mahenge. Baadaye Wajerumani waliweka kipimo cha DIN mwaka 1934, na Wamarekani wakaweka chao, ASA, mwaka 1943. Tangu mwaka 1974 vipimo hivyo viwili viliunganishwa katika kimoja kiitwacho ISO, nacho ndicho kiandikwacho juu ya boksi la filamu hata leo.

Hesabu yake ni nyepesi. Namba ikiwa maradufu, filamu yataka nusu ya nuru. Filamu ya 200 yataka nusu ya nuru itakiwayo na ile ya 100, na ya 400 yataka robo. Basi mbona watu wasinunue siku zote ile ya mbio? Kwa sababu kila neema ina gharama yake. Filamu ya mbio ina chembechembe kubwa zaidi, na picha ikikuzwa huonekana kama iliyonyunyiziwa mchanga. Tena huharibika upesi zaidi kwa joto. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Lakini ndio hao hao waliosema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mpiga picha hana budi kuzishika methali zote mbili.

Na tuitazame nchi yetu wenyewe. Wakati wa kiangazi, jua la saa sita likiwaka juu ya mashamba ya mpunga na maji ya mto, nuru ni nyingi mno. Kwa jua kama hilo, tundu la lenzi likiwekwa 16, mlango wa kamera hufunguliwa kwa sehemu ya nukta iliyo karibu na namba ya filamu: 1/125 kwa filamu ya 100, 1/500 kwa ile ya 400. Kamera nyingi za kale haziwezi kufika 1/500, na filamu ya mbio itapata nuru kupita kiasi. Hapo ya 100 yafaa sana. Lakini ingieni katika msitu wa Udzungwa, au kanisani jioni, au simameni nje mwezi wa Aprili mawingu ya masika yakifunika bonde. Mahali ambapo filamu ya 400 hutaka 1/60, ile ya 100 itataka 1/15, na mkono wa mwanadamu hautulii muda huo.

Sisi wenyewe tulifunzwa hayo kwa majuto. Tulikwenda kumpiga picha bibi mmoja mzee, naye kwa sababu ya mvua aliketi ndani karibu na mlango. Kamera yetu ilikuwa na filamu ya 100. Tulipiga picha tatu, na zote tatu zikatoka giza, uso hautambulikani. Kabla ya mvua nyingine kufika, bibi alikuwa amezikwa. Wajukuu wake walituomba picha, nasi hatukuwa na kitu cha kuwapa.

Katika neno hili la nyuso, msomaji asisahau jambo moja. Filamu na vioo vya kale havikuiona rangi nyekundu, kwa hiyo ngozi zetu zilitoka nyeusi kuliko zilivyo, hata zilipokuja filamu zinazoona rangi zote. Na kipimo cha nuru kilicho ndani ya kamera huhesabu yote yaliyo mbele yake pamoja: ukimsimamisha mtu mbele ya ukuta mweupe au mto unaong'aa, kitapima weupe ule na kuuacha uso gizani. Basi sogea, pima nuru karibu na uso, kisha rudi nyuma upige. Filamu za kawaida husamehe nuru iliyozidi kidogo, lakini uso usiopata nuru haurudishwi na fundi yeyote.

Kwa hiyo shauri letu kwa anayeanza ni hili. Akiwa na kamera isiyo na mlango wa mbio, atakayeitumia juani tu, achukue ya 100 au 200. Akitaka filamu moja kwa shamba, baraza na ndani ya nyumba, na kamera yake yafika 1/500, achukue ya 400. Aiweke mahali pakavu penye kivuli, na namba ya kamera ilingane na ya boksi toka picha ya kwanza hata ya mwisho. Na kama ana mzee nyumbani, asingoje kiangazi.