Njiwa wa shambani: kaangushwa au kaokotwa?

Marehemu bibi yangu alikuwa na swali moja kwa kila mtoto aliyeingia jikoni kwake na ndege mkononi: "Mmemwangusha au mmemwokota?" Tukijibu kwamba tumemwangusha na kumwahi kwa kisu, sufuria ilibandikwa. Tukisitasita, ndege alifukiwa nyuma ya nyumba. Kwake yeye kilichookotwa ni mzoga, na mzoga hauliwi.

Hayo yalikuwa Ifakara, katika bonde la Kilombero. Wenyeji wa kule wanajua kwamba mpunga ukianza kujaza punje, familia nyingi huhamia shambani, na watoto hupewa kazi ya kuamia ndege. Tulikaa juu ya dungu tangu alfajiri, teo mkononi, manati shingoni. Kwelea kwelea walikuja kwa makundi na tukawafukuza kwa kelele. Hua na tetere walikuja wachache wachache, wakiokota punje zilizopukutika. Hao ndio waliokuwa kitoweo chetu.

Siku moja mimi na mdogo wangu tuliwapata hua watano katika shamba la jirani. Walikuwa wamejikunyata chini, na tulipowakaribia hawakuruka. Tukajisifu kwa shabaha. Bibi alipouliza, tulijibu kwa fahari kwamba tumewaangusha, na kwa hakika hatukusema uongo. Usiku ule mdogo wangu, aliyekula kuliko sisi sote, alitapika, akatokwa na jasho na udenda, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano. Tunamshukuru Mungu alipona. Lakini jirani alipoulizwa shamba lake lilipigwa dawa gani, hakuwa na jibu. Aliinunua ikiwa imepimwa katika chupa ya soda, haina karatasi wala jina.

Tangu hapo, mtu akiniuliza kama njiwa pori wa mashambani anafaa kuliwa, namrudisha kwanza katika historia.

Enzi za ujana wa bibi, swali lake lilitosha. Aliyelima ndiye aliyejua kila kilichoingia shambani mwake, na ndege aliyekutwa amekufa bila jeraha alidhaniwa kuwa na maradhi. Mambo yalibadilika zilipokuja dawa za viwandani. Mwaka 1939 Paul Müller, mkemia wa kampuni ya J. R. Geigy mjini Basel, Uswisi, aligundua kwamba DDT inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Jina la Geigy si geni Ifakara. Profesa Rudolf Geigy, wa ukoo huo huo, ndiye aliyeanzisha pale, katika miaka ya 1950, maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. DDT iliokoa watu wengi kutokana na malaria na homa iletwayo na chawa. Ila haiozi upesi. Hukaa katika mafuta ya mwili, na hutoka kwa anayeliwa ikaingia kwa mlaji.

Ushahidi wa njiwa wenyewe ulipatikana Uingereza. Wakulima wa ngano kule walikuwa wakipaka mbegu dieldrini, dawa ya jamii moja na DDT, ili zisiharibiwe na funza. Kuanzia mwaka 1956 njiwa pori walikutwa wamekufa mashambani wakati wa kupanda, na hatimaye wakahesabiwa kwa maelfu. Kisha, katika majira ya baridi ya 1959 kuingia 1960, wakafuata mbweha. Kiasi cha 1,300 walikutwa wamekufa, na uchunguzi ukaelekeza kwa njiwa waliokula mbegu zile. Mwaka 1961 ilikubaliwa kwamba mbegu za namna hiyo zisitumike tena katika msimu ule wa kupanda. Dieldrini na DDT zote mbili ziliingia katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, DDT ikiachiwa nafasi ya kupambana na mbu waenezao maradhi.

Kwetu sisi mambo yana sura nyingine. Kwelea kwelea mmoja hula kiasi cha gramu 10 za punje kwa siku. Wakiwa milioni moja, na makundi ya namna hiyo yapo, hizo ni tani 10 kila siku. Ndiyo maana serikali, ikishirikiana na shirika la kudhibiti nzige wa jangwani la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1962, imekuwa ikitumia eropleni kunyunyizia sumu ya fenthioni mahali wanapolala. Sina ugomvi na kazi hiyo, kwani mkulima aliyepoteza mpunga wake hana cha kuwalisha wanawe. Lakini fenthioni haiui wote papo hapo. Wengine huruka wakaenda kuanguka mbali, na hua aliyelala kichaka hicho hicho naye hupata fungu lake. Wenzetu wa Kondoa huwatega kwelea kwelea wakiwa hai, wakawala na kuwauza. Kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 2009 ilibainika kwamba watu walichanganya mpunga na Furadan, dawa ya wadudu, wakawaua ndege wa porini, hua wakiwamo, na kuwauza kama nyama.

Basi, je, tumle njiwa wa shambani? Aliye mzima, anayeruka kwa nguvu, aliyepatikana mahali ambapo unajua hapakupigwa dawa, ni kitoweo kizuri. Mpike aive sawasawa. Aliyezubaa mwache, maana njiwa aliyelewa sumu ndiye rahisi kuliko wote kumpiga. Mpasue kile kifuko cha shingoni: ukikuta punje zenye rangi nyekundu au buluu, hizo huenda ni mbegu zilizopakwa dawa, mfukie. Usikubali maneno kwamba ukitoa matumbo na kuchemsha sana sumu itaisha. Moto huua vijidudu, lakini usiutegemee kuondoa sumu. Na aliyepigwa kwa gobore, kata nyama yote iliyozunguka tundu na uitupe. Marisau mengi ni madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini hudhuru ubongo wa mtoto.

Hata hivyo mzigo huu si wa mtoto wa manati peke yake. Anayenyunyizia dawa hana budi kuwatangazia majirani kabla, na anayeuza hana budi kuuza chupa yenye jina lake na maelezo ya Kiswahili. Bibi aliuliza kama ndege kaangushwa au kaokotwa. Sisi tuongeze swali la pili: kala wapi? Pasipokuwa na mtu wa kulijibu, ni heri watoto wale ugali kwa mchicha siku hiyo.