Upimaji wa Mwendo wa Macho

Anayesoma mstari huu huhisi macho yake yanateleza bila kusimama. Sivyo yanavyokwenda. Macho hutua kwenye neno kwa takribani robo ya sekunde, yakaruka, yakatua tena. Mara nyingine hurudi nyuma.

Fani ya kunasa miondoko hiyo kwa kompyuta ingeweza kuitwa “ufuatiliaji wa macho”. Tatizo ni kwamba mtazamaji wa kandanda naye huufuatilia mpira kwa macho. Hapa macho ndiyo yanayofuatiliwa, tena kwa vipimo. “Upimaji wa mwendo wa macho” huondoa utata huo, na chini yake hukaa istilahi mbili fupi: kituo, pale jicho linapotulia, na mruko, safari ya kutoka kituo hadi kituo.

Zamani upimaji ulikuwa mateso. Mmarekani Edmund Huey alivika jicho la msomaji kikombe kidogo cha plasta chenye tundu, kikaunganishwa na kijiti chepesi cha aluminiamu kilichochora mwendo wake. Baadaye, katika Muungano wa Kisovieti, Alfred Yarbus aliwaonyesha watu mchoro wa Ilya Repin. Alipowauliza umri wa waliochorwa, macho yao yalikimbilia nyuso. Alipowauliza kuhusu mavazi, yalishukia nguo. Mchoro ulikuwa uleule, swali ndilo lililobadilika.

Siku hizi kwa kawaida hakuna kinachogusa jicho. Taa ya infraredi hutia nukta ya mwanga kwenye konea, kamera huipiga picha, na kompyuta hulinganisha mahali ilipo nukta hiyo na kitovu cha mboni. Kwanza mtu hutazama alama kadhaa kwenye skrini ili mashine ilizoee jicho lake. Kasi ya kamera ni jambo kubwa: mruko wa sekunde 0.03 hupata picha mbili tu kwa kamera ya picha 60 kwa sekunde, lakini picha 30 kwa ile ya 1,000.

Miongoni mwa wanaoufaidi upimaji huu ni wagonjwa waliopoteza uwezo wa kusema na kusogeza mikono. Huandika kwa kutazama herufi kwenye skrini: kituo kikidumu muda uliopangwa, herufi huchapwa. Muda ukiwa mfupi mno, hata herufi zinazopitiwa tu huandikwa. Ukiwa mrefu, sentensi moja humchosha mwandishi. Ndiyo maana kila mtumiaji hupangiwa muda wake.