Night of the Living Dead

Filamu ya kutisha ya Marekani (1968) iliyoongozwa na George A. Romero na kupigwa picha Pennsylvania kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa fedha kidogo. Damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti. Watu saba wanajifungia katika nyumba ya shamba huku maiti waliofufuka, walao watu, wakiizingira. Kinachotisha zaidi ni ugomvi wa walio ndani. Ben, shujaa aliyeigizwa na Duane Jones, Mmarekani Mweusi, anaokoka usiku mzima, kisha asubuhi anapigwa risasi na wasaka maiti. Msambazaji alipobadili jina la filamu hakuweka tangazo la hakimiliki, ikawa mali ya umma. Televisheni ziliirusha bure, na uzembe huo ndio ulioieneza.