Ziwa Lilipofurika Babati: Vijana wa Uswidi na Wenyeji Wao

Ziwa Babati limeuvamia mji mara tatu katika kumbukumbu za watu walio hai: mwaka 1964, 1979 na 1990. Ziwa hilo halina kina kirefu, na mji umejibana ubavuni mwake, kando ya barabara kuu ya Arusha hadi Dodoma, ile ile ambayo Waingereza waliiota iunganishe Cape Town na Cairo. Siku za kawaida ni ziwa la perege na kambale, la mitumbwi ya wavuvi asubuhi na la viboko wanaopanda nchi kavu usiku kutafuta majani. Mvua zikipita kiasi, maji ya vilima vya jirani hujikusanya humo mpaka ziwa lishindwe kuyabeba, na hapo maji huyafuata makazi ya watu.

Mafuriko ya 1990 yaliikuta Wilaya ya Babati ikiwa bado changa. Ilikuwa imemegwa kutoka Hanang mwaka 1985, na Hanang yenyewe ilimegwa kutoka Mbulu mwaka 1969. Mkoa wa Manyara haukuwa hata wazo, kwani ulizaliwa 2002, na kila jambo kubwa lilipelekwa Arusha. Wilaya ya namna hiyo, yenye ofisi chache na barabara ya vumbi, ilipata maafa ambayo yangeweza kusahaulika mara tu maji yalipopungua. Hayakusahaulika. Mwaka 1992 kitengo cha kuhifadhi udongo kilichofadhiliwa na Uswidi mjini Nairobi kilitoa ripoti nzima kuhusu mafuriko hayo na namna ya kuyazuia yasirudi. Mwaka huo huo Lennart Strömquist, mwanajiografia Mswidi, aliyaandika katika jarida la kisayansi la Geografiska Annaler. Mwaka 1995 Klas Sandström wa Chuo Kikuu cha Linköping alitetea tasnifu yake ya udaktari iliyouliza kama misitu na maji ni marafiki au maadui, na ziwa la Babati likawa sehemu ya uchunguzi wake: je, kukata miti kulichangia ziwa kufurika?

Kwa nini Waswidi? Jibu linaanzia nyuma kidogo ya Babati. Mwaka 1963 nchi za Nordiki ziliingia mkataba na Tanganyika wa kujenga kituo cha elimu cha Kibaha, na kituo hicho kikakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Urafiki wa Mwalimu Nyerere na waziri mkuu wa Uswidi, Olof Palme, unajulikana. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa mwaka 1975 vilichukua mfano wa shule za watu wazima za Uswidi. Lakini kwa historia hii yetu, lenye uzito zaidi ni jambo lisilosemwa sana: mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala viliendesha kwa pamoja mradi wa kupima mmomonyoko wa udongo nchini. Watafiti wakaingia kwenye makorongo na mabwawa, wakapima udongo unaochukuliwa na mvua, na mwaka 1972 matokeo yakachapishwa. Mwaka uliofuata ukaanza mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi mkoani Dodoma, kwa msaada wa Uswidi, na sehemu yake iliyojulikana kuliko zote ni Kondoa, jirani wa Babati upande wa kusini. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa kwa amri.

Kwa hiyo ziwa lilipofurika mwaka 1990, walikuwapo watu waliokwisha kuijua ardhi hii. Mmoja wao alikuwa Mswidi aitwaye Gerdén, aliyeandika mwaka huo huo, pamoja na Simon Mtallo, utafiti juu ya misitu ya jadi ya Babati, ile iliyolindwa na wazee kwa ajili ya matambiko na mikutano. Msomaji aliweke akilini jalada la kitabu hicho. Lina majina mawili, la Mswidi na la Mtanzania, na yote mawili ni ya waandishi.

Si kila mgeni aliyefika pande hizi alikuja na heri. Katika tambarare za Hanang, mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970 yaliwanyang'anya Wabarbaig malisho yao, na kesi zake zilifika mahakamani. Hili linafaa kutajwa, maana wenyeji wa Babati na Hanang waliowapokea vijana wa kigeni baadaye walijua kwamba gari la mradi linaweza kuleta neema, na linaweza pia kumwondoa mtu kwenye ardhi ya babu yake.

Mfano wa neema ni Duru-Haitemba. Huu ni msitu wa miombo wa hekta zipatazo 9,000, na vijiji vinane vinauzunguka. Serikali ilikuwa katika mchakato wa kuutangaza kuwa msitu wa hifadhi, wanavijiji wakapinga, na mwaka 1994 ukaachwa mikononi mwao. Wakaweka mipaka, wakatunga sheria ndogo, wakachagua vijana wa kulinda doria. Programu ya usimamizi wa ardhi iliyoitwa LAMP, iliyofadhiliwa na Uswidi, ilikuwa nyuma ya jambo hilo, lakini nguvu ilikuwa ya wanavijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 ilipokuja kutambua misitu ya vijiji nchi nzima, Babati ilikwisha kuonyesha kwamba inawezekana.

Hapo ndipo vijana walipoingia.

Mwaka 1996 kilifunguliwa chuo kikuu kipya cha Södertörn, kusini mwa Stockholm. Miongoni mwa walimu wake alikuwa Vesa-Matti Loiske, ambaye mwaka 1995 alikuwa amemaliza tasnifu ya udaktari juu ya Giting, kijiji kilicho kwenye miteremko ya Mlima Hanang, akichunguza mizizi ya mmomonyoko wa udongo kijijini hapo. Mwalimu aliyeishi na swali la Hanang kwa miaka hakuona sababu ya kuwafundisha wanafunzi wake mazingira na maendeleo kwa vitabu vitupu. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 makundi ya wanafunzi wa Södertörn yakawa yanakuja Babati kwa mafunzo ya uwandani, kundi baada ya kundi. Wengi walikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na kwa wengi wao hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga Afrika.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu ambao kila mtu wa kijijini anaujua. Kwanza kibali, kutoka ofisi za wilaya. Kisha ofisi ya kijiji, ambako mtendaji hutoa kitabu cha wageni, na kila mmoja huandika jina, anakotoka na madhumuni ya safari, halafu saini. Mwenyekiti huitwa. Ndipo safari ya kwenda kwenye kaya huanza, kwa miguu au kwa pikipiki, mgeni akiwa na daftari, na ubavuni mwake kijana wa Babati ambaye ndiye ufunguo wa kazi nzima: mkalimani. Mama wa Kigorowa au mzee wa Kiiraqw akijibu kwa lugha ya nyumbani, jibu lilipaswa kuvuka Kiswahili na kufika kwenye Kiingereza. Swali fupi la mgeni, kwa mfano kuhusu mavuno ya mwaka jana, lingeweza kupata maelezo marefu yenye majina ya watu, ugomvi wa mipaka na mvua iliyochelewa, na mkalimani alilazimika kuamua papo hapo kipi kinabaki na kipi kinaachwa. Kijana huyo alifundisha pia mambo yasiyokuwa kwenye ratiba: kwamba huwezi kuuliza mtu ana ng'ombe wangapi kabla ya kumjulia hali, kwamba kiti ukipewa unakaa, na chai ikiletwa unakunywa.

Walichokiandika ni kingi. Zipo tasnifu za shahada ya kwanza kuhusu uvuvi, ufugaji wa nyuki, kilimo mseto, haki za wanawake katika ardhi, maji ya kunywa, na vijiji vinavyoishi jirani na wanyama wa Tarangire. Ni wilaya chache za Tanzania ambazo maisha yake ya kawaida yameandikwa kwa mfululizo wa namna hiyo na vijana wa rika moja, wakiuliza maswali yanayofanana, mwaka baada ya mwaka. Mwanahistoria wa kesho atakayetaka kujua Babati ilikula nini, ililima nini na ilihofia nini mwanzoni mwa karne ya 21 ana mahali pa kuanzia.

Lakini tuzungumze ukweli. Ukifungua tasnifu hizo, jina la kijana wa Babati utalikuta kwenye ukurasa wa shukrani. Anashukuriwa kwa moyo wote, na shukrani hizo ni za kweli. Kwenye jalada hayupo. Kutoka Gerdén na Mtallo wa 1990 hadi wanafunzi na wakalimani wao wa miaka ya 2000, urafiki uliongezeka lakini usawa ukapungua. Na safari zilikuwa za upande mmoja. Uswidi ilikuwa na ruzuku iliyowapeleka wanafunzi wake nje kufanya utafiti mdogo, na wengi waliofika nchini waliitumia. Ilikuwa nayo pia programu ya Linnaeus-Palme, iliyoanza mwaka 2000, ambayo ilipeleka na kupokea, walimu kwa wanafunzi. Ya kwanza iliijaza Babati wageni. Kijana wa Babati aliyetaka kupanda ndege kwenda upande wa pili alihitaji mlango wa aina ya pili, na mlango huo ulifunguliwa kupitia vyuo vikuu vikubwa, si kupitia kijiji wala halmashauri.

Mtu anaweza kuuliza kijana wa Babati angekwenda Uswidi kuona nini. Angekwenda Arvika. Mji huo mdogo wa magharibi mwa Uswidi uko kando ya ziwa, na mvua za vuli ya mwaka 2000 zililipandisha ziwa la Glafsfjorden mpaka likauingia mji, kama Ziwa Babati lilivyofanya mwaka 1990. Angekwenda pia Tuve, kitongoji cha Göteborg, ambako tarehe 30 Novemba 1977 ardhi ya mfinyanzi iliteleza na nyumba zake, na watu 9 wakafa. Angeuliza maswali yake, angeandika kwenye daftari lake, na Mswidi ndiye angekuwa mkalimani.

Dunia ina mifano ya vijana kukutanishwa na maafa. Mto Rhine ulipoifunika Liechtenstein mwaka 1927, Mswisi Pierre Cérésole aliwaita vijana wa mataifa mbalimbali waje kuzoa tope, na mwaka 1928 walifika zaidi ya 700, baadhi yao wakitoka nchi ambazo miaka kumi tu kabla zilikuwa zinauana. Baada ya tetemeko la Bihar la 1934 Cérésole alikwenda na wenzake India kujenga upya vijiji. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, Japani iliwaalika maelfu ya vijana wa Asia na Marekani watembelee maeneo yaliyoharibiwa, na vijana wa Kijapani wakapelekwa nje nao. Katika mifano hiyo yote maafa yalikuwa ya karibuni, majonzi yakiwa mabichi. Ya Babati ni tofauti: wataalamu walikuja na mafuriko, na wanafunzi walikuja baadaye, wakati maji yalikwisha kupungua, wakabaki na uhusiano wa miaka mingi. Sijui kama kuna njia bora zaidi ya kuzifahamianisha nchi mbili kuliko kurudi mahali pale pale mara kwa mara.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikapita juu ya nyumba, maduka na mashamba. Watu 89 walipoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28, alikatisha safari yake na kurudi. Majeruhi waliletwa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, hapa Babati. Ni mlima ule ule ambao miteremko yake iliandikwa miaka 28 kabla katika tasnifu ya Giting, kwa lugha ambayo si ya Giting.

Kwa hiyo kuna kazi inayoweza kuanza bila kusubiri mfadhili. Halmashauri za Babati na Hanang ziombe nakala za tafiti zote zilizofanywa katika ardhi yao tangu 1990, na Södertörn, Linköping na Uppsala hazitakuwa na sababu ya kukataa. Muhtasari wa kila utafiti uandikwe kwa Kiswahili na uwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuusoma. Wale waliokuwa wakalimani, ambao leo ni watu wazima wenye familia, waitwe wasimulie walichosikia na ambacho hakikuingia kwenye Kiingereza. Na kundi lijalo la wanafunzi wa kigeni litakapoomba kibali Babati, ofisi inayotoa kibali iweke sharti moja: kila mgeni aandike pamoja na kijana wa hapa, majina yote mawili yawe kwenye jalada, na kiti kimoja cha ndege ya kurudi Stockholm kiwe cha Babati.